Ree ya Kihispania na Ree ya Chuoni

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Walitaka kutuonya juu ya maneno, kwamba ulimi hupinduka upesi ukamponza mwenyewe. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao hautajwi sana: kitu kisicho na mfupa chaweza kukunjwa, kunyoshwa na kufundishwa. Leo nataka kuzungumza nanyi, wasomaji wapenzi, juu ya sauti moja tu ambayo imewavunja moyo wanafunzi wengi duniani, nayo ni ile "r" ya Kihispania inayotetemeka kinywani kama ngoma ndogo.

Pengine mtu atauliza, Kihispania chatuhusu nini sisi watu wa pwani? Jawabu li karibu. Lugha hiyo ni lugha ya mama ya watu zaidi ya milioni 400, na ni lugha rasmi katika nchi 20, mojawapo ikiwa hapa hapa Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta. Wageni waisemao hufika Lamu, Malindi na Mombasa, na kijana awezaye kuwaongoza kwa lugha yao hupata kazi ambayo mwenziwe haipati. Mimi niliipata lugha hii mjini Granada, kusini mwa Uhispania, nilikokaa mwaka mmoja, na tangu nirudi nimekuwa nikiwafundisha vijana wachache wa hapa Mombasa baada ya sala ya Isha. Sarufi huwashinda wachache. Ree ndiyo inayowafanya waache.

PERO NA PERRO

Sisi Waswahili twajua vyema ya kuwa sauti moja ikihama, maana nayo huhama. Mahali si mahari, kula si kura, na hali si hari. Mposaji akiuliza habari za "mahali" badala ya "mahari" ataonyeshwa pa kukaa. Sisi twatenganisha "l" na "r". Wahispania nao huzitenganisha, lakini wao wamezidi hapo, kwa kuwa wana ree mbili. Ya kwanza hupigwa mara moja tu: ncha ya ulimi hugusa ufizi wa juu na kuondoka, kama tunavyosema sisi "bara" au "habari". Katika ile ya pili ncha hiyo hugusa mara mbili, mara tatu au zaidi, kwa mfululizo wa haraka. Zikiwa kati ya irabu mbili, ile ya kwanza huandikwa kwa "r" moja na ya pili kwa "rr".

Tazama basi inavyokuwa. "Pero" ni "lakini", na "perro" ni mbwa. "Caro" ni ghali, na "carro" ni gari. "Cero" ni sifuri, na "cerro" ni kilima. "Ahora" ni sasa, na "ahorra" ni "anaweka akiba". Iko na jozi moja ambayo wanafunzi wangu huipenda kuliko zote: "enterado" ni mtu aliyepata habari, na "enterrado" ni mtu aliyezikwa. Mwongozaji wa wageni anayetaka kusema kwamba amekwisha pata habari za safari, akaitetemesha ree pasipo pahali pake, huwaambia wageni wake kuwa yeye ni maiti aliye kaburini.

Tena kuna kanuni isiyoonekana katika maandishi. Ree iliyo mwanzo wa neno hutetemeka daima, ijapokuwa yaandikwa moja: "río" ni mto, "rey" ni mfalme, "rosa" ni waridi. Ni vivyo hivyo kwa ree inayofuata "l", "n" au "s", kama katika "alrededor", yaani kandokando, na "honra", yaani heshima. Kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuikwepa sauti hii hata kwa siku moja. Itamngoja mtoni, itamngoja kwa mfalme.

UPEPO, SI NGUVU

Karibu kila anayeanza hudhani kwamba ulimi lazima usukumwe kwa nguvu, ugonge, urudi, ugonge tena. Hutoka jasho, shingo ikasimama mishipa, na kinachosikika ni "d" tatu zilizofuatana. Jambo hili haliwezekani kwa njia hiyo. Katika mtetemo wa ree, ncha ya ulimi huenda na kurudi kwa kasi ya mara 25 hivi kwa sekunde moja, na misuli ya binadamu haina uwezo wa kuuamuru ulimi kwa kasi ya namna hiyo.

Kinachoutetemesha ni upepo. Mwenye kuijua bahari ataelewa upesi. Nahodha akielekeza omo ya jahazi kwenye upepo wenyewe, tanga hupoteza tumbo lake likaanza kupigapiga. Hapana mkono unaolitikisa. Tanga limelegea kiasi, limeshikwa kandoni, na upepo wapita. Ulimi nao ni hivyo. Ncha yake hukaribia ufizi nyuma kidogo ya meno ya juu, pumzi hujikusanya nyuma yake ikausukuma, ncha hufunguka, pumzi hutoka, ncha hurudi mahali pake, na pumzi huusukuma tena. Kazi ya mwanafunzi ni kuuweka ulimi mahali panapostahili na kisha kuuacha.

Mimi huwafundisha kwa hatua hizi. Kwanza, kandokando za ulimi ziguse magego ya juu, kulia na kushoto, ili pumzi isipenye pembeni ikapotea. Pili, ncha iwe imelegea na iguse ufizi kwa wepesi, pale pale panapotoka ree ya "habari". Ulimi ukikakamaa kama ubao hautatetemeka hata upigwe na kusi. Tatu, pumzi itolewe kwa wingi, kwanza bila sauti, kama mtoto anayeigiza gari la moshi au pikipiki. Watoto wetu wote hucheza mchezo huo kichochoroni, na wengi wao hutoa ree kamili ya Kihispania bila kujua. Nne, baada ya pumzi kushika njia, iongezwe sauti ya koo, na itanguliwe na irabu: arra, erre, irri, orro, urru. Maneno yaje mwisho.

Dakika tano asubuhi na dakika tano jioni zatosha. Anayejilazimisha saa nzima huuchosha ulimi tu, na ulimi uliochoka hukakamaa.

SWALI LA KIJANA MMOJA

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwako kijana mmoja mwenye sauti nzuri na kisomo kizuri cha Kurani. Nilitazamia awe wa kwanza kuipata sauti hii, kwani mwenye kusoma tajwidi hujua kila herufi hutoka wapi. Kinyume chake akawa wa mwisho. Wenziwe walikuwa wamefika kwenye maneno, naye bado ree yake ilikuwa ikikatika kama uzi. Usiku mmoja akabaki nyuma, akaniambia:

"Mwalimu, mimi tangu mdogo nimepigiwa bakora kwa kuitetemesha ree. Sasa Kihispania chanitaka nifanye lile lile nililokatazwa. Nikiizoea, si nitakiharibu kisomo changu? Bora niache."

Nikafahamu kwamba ulimi wake haukuwa na ila yoyote. Ulikuwa unatii.

Jambo alilolisema lina asili yake. Sibawayhi, bingwa wa sarufi ya Kiarabu wa karne ya 8, aliitaja ree kuwa ni herufi yenye kukaririka, yaani kwa tabia yake hutaka kujirudia. Maulamaa wa tajwidi wakaiita sifa hiyo takriri, na wakaonya kwamba hutajwa ili msomaji ajihadhari nayo. Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, aliusia katika utungo wake maarufu kwamba takriri ifichwe pale ree inapotiwa shadda. Sababu iko wazi: mwenye kuitetemesha sana huzalisha ree nyingi pahali palipoandikwa moja au mbili. Kwa hiyo hofu ya kijana haikuwa ya kuchekwa. Kwa upande mmoja palikuwa na riziki yake, na kwa upande wa pili kisomo alicholelewa nacho.

Swali hilo halikuwa langu kulijibu. Nikampeleka kwa maalim mmoja mzee wa Mji wa Kale.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, wanangu. Piteni, kaeni."

Baada ya kuulizana hali za nyumbani nikamweleza lililotuleta. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akamwambia kijana asome Bismillahi. Kijana akasoma. Mzee akatikisa kichwa.

"Umeikaza mno," akasema. "Walikwambia uifiche, hawakukwambia uiue. Ree isiyokuwa na uhai hata kidogo yasikika kama twaa. Legeza ncha, iache iguse kwa wepesi, kisha uizuie isiendelee. Soma tena."

Akasoma tena mara tatu, na ya tatu ikawa nzuri kuliko zote nilizopata kuzisikia kwake.

"Na hicho Kihispania, maalim?"

"Kila lugha ina haki yake. Ukisoma, soma kama ulivyofunzwa. Ukisema na mgeni, sema naye kama wasemavyo kwao. Wewe kila siku wasema 'gari' sokoni na wasoma ghaini msikitini. Umewahi kuzichanganya?"

"La, maalim."

"Basi ulimi wako wajua mlango wa kuingilia. Mwenye kujua kuizuia ree ndiye mwenye kujua kuiachia."

Maneno hayo ya mwisho ni elimu kamili. Anayejua breki iko wapi ndiye anayejua pia gari linavyokwenda. Tangu siku hiyo kijana akaanza kufanya mazoezi bila hofu, na mwezi wa tatu akaipata, kwanza katika neno "arroz". Katika "perro" ilimchukua wiki nyingine kadha.

SHADDA YA ANDALUSIA

Vitabu vingi vya Kihispania humwanzishia mwanafunzi ree kwa mbwa. Mimi huanza na "arroz", ambalo ni mchele, na nina sababu.

Waislamu walivuka bahari kuingia nchi hiyo mwaka 711 wakiongozwa na Tariq bin Ziyad, ambaye jina lake li hai mpaka leo katika mlima wa Gibraltar, yaani Jabal Tariq. Utawala wa mwisho wa Kiislamu, ule wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Katika karne hizo karibu nane Kihispania kilikopa maneno mengi ya Kiarabu, na mengi katika hayo twayo sisi pia. Sukari kwao ni "azúcar", zafarani ni "azafrán", zaituni ni "aceituna". Mtu asiyetajwa jina sisi twamwita fulani, wao humwita "fulano". Hata neno letu "hata" wao wanalo, nalo ni "hasta". Mswahili na Mhispania walikwenda kukopa duka moja.

Sasa itazame ree. Chuoni tulifunzwa kwamba "al" ya Kiarabu ikifuatwa na herufi ya shamsi, lamu humezwa na herufi ile hutiwa shadda. Ndiyo maana katika Bismillahi twasema "r-Rahmani r-Rahim", ree mbili zenye shadda ambazo kila mtoto wa Kiislamu huzitamka kabla hajajua kusoma. Kiarabu "ar-ruzz", yaani mchele, kilipoingia Uhispania kikawa "arroz", na ile shadda ikawa "rr". "Ar-rub'", ambayo sisi twaiita robo, ikawa "arroba", kipimo cha kale cha uzani cha kilo 11 na nusu hivi, na leo ndilo jina la ile alama ya @ iliyo katika anwani za barua pepe. "Ar-rabad", mtaa ulio nje ya ukuta wa mji, ukawa "arrabal". Na "ar-rayhan", ambayo ndiyo rehani yetu inayotiwa katika kikuba, ikawa "arrayán", ila kwao ni jina la mhadasi. Katika jumba la Alhambra mjini Granada uko ua mmoja wenye birika refu lililozungukwa na miti hiyo, nao waitwa Patio de los Arrayanes. Kila mtembezi anayeulizia ua huo huitamka shadda ya ree, ajue asijue.

Nisije nikasikiwa vibaya. Sisemi kwamba Wahispania walipewa sauti hii na Waarabu. Kilatini, mama wa Kihispania, kilikuwa na "rr" yake kabla ya hapo. Ninalosema ni kwamba shadda ilipofika iliukuta mlango uko wazi, na ikaingia kama mwenyeji.

Uko na ushahidi mwingine wa maandishi. Baada ya mwaka 1492 Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa, wakaitwa Wamorisko. Mwaka 1567 Mfalme Philip wa Pili akatoa amri ya kuwakataza watu wa Granada kusema na kuandika Kiarabu. Kwengineko, hasa Aragon, wengi wao walikuwa wamekwisha kisahau Kiarabu, wasemacho ni Kihispania tu. Lakini herufi hawakuziacha. Waliandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokiandika Kiswahili, na maandishi hayo huitwa aljamiado, kutokana na neno lile lile la ajami. Nao walikumbana na taabu ile ile ya wazee wetu: sauti zisizokuwa na herufi. Dawa yao ilikuwa shadda. Sauti ya "p" waliiandika kwa bee yenye shadda, "ch" kwa jimu yenye shadda, na ile ree inayotetemeka kwa ree yenye shadda.

Watu hao walifukuzwa nchini kati ya mwaka 1609 na 1614. Mwaka 1884, katika mji mdogo wa Almonacid de la Sierra huko Aragon, nyumba kuukuu ilipokuwa ikibomolewa, shehena ya vitabu vyao ilikutwa imefichwa kwenye sakafu ya uongo. Vilikuwa vimelala humo kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Mmorisko aliyeviandika, alipotaka kusema "perro", alitia shadda ile ile ambayo mtoto wa Lamu huiona katika msahafu wake.

NA ASIYEIPATA KABISA?

Wako watu watakaofanya mazoezi na bado ulimi ukakataa. Hao wasijidharau. Wahispania wenyewe huipata sauti hii mwisho wa sauti zao zote, wengi wakiwa na umri wa miaka mitano au sita, na wako watoto wanaopelekwa kwa mtaalamu wa matamshi ili wafundishwe. Wana utungo wa kitoto unaotaja magari ya reli yaliyosheheni sukari, uliojaa ree tupu, na kila mama humsomesha mwanawe. Wachache huzuiwa na ule utando ulio chini ya ulimi ukiwa mfupi, na hilo ni la daktari kutazama. Huko Puerto Rico, watu wengi hutoa "rr" yao nyuma kooni, karibu na pahali pa khee na ghaini zetu, na bado ni Wahispania wa lugha kama wengine.

Tena katika historia yetu yuko Wasil bin Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 748. Madhehebu yake tusiingie humo leo. Mtu huyo hakuweza kuitamka ree, naye alikuwa khatibu. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa karne iliyofuata, amesimulia jinsi alivyoiondoa ree katika maneno yake yote: badala ya kusema "burr" kwa maana ya ngano alisema "qamh", na hotuba yake isiyokuwa na ree hata moja yakumbukwa mpaka leo. Na Nabii Musa, alayhi salaam, aliomba afunguliwe fundo la ulimi kabla ya kwenda kwa Firauni. Kutaabika na ulimi si aibu ya mtu yeyote.

Kwa hiyo, wazazi mlio na vijana wanaotaka kazi za wageni, msiwaache wakate tamaa kwa sauti moja, na msidhani kwamba kisomo chao cha chuoni ni kikwazo. Ni mtaji. Kijana aliyefunzwa kujua ncha ya ulimi iko wapi na inafanya nini amekwisha tembea nusu ya safari kabla hajafungua kitabu cha Kihispania.

Mwenye kutaka kujaribu na aanze leo kwa robo ya mchele: "una arroba de arroz". Ree mbili za shadda, zote zimepita katika Kiarabu kabla ya kumfikia Mhispania. Akizipata hizo, mbwa atakuja mwenyewe.